Ndege Mdogo Anayebeba Nyimbo za Nchi Nyingi

Katika somo la familia la mwezi huu tutamtazama ndege mmoja mdogo wa vinamasi. Tumemchagua kwa sababu kuna swali linalotusumbua wazazi wengi: je, watoto wetu waliozaliwa hapa ukimbizini watazijua lugha na nyimbo za kwetu?

Ni ndege wa namna gani?

Wataalamu humwita Acrocephalus palustris. Ana urefu wa sentimita 13 hivi, na uzito wake ni kama gramu 12, yaani vijiko vidogo vitatu vya sukari. Mgongo wake ni wa kahawia na tumbo ni jeupe lenye manjano kidogo. Ukimwona kwa macho tu hutamtofautisha kwa urahisi na jamaa zake, ambao baadhi yao wanaishi katika mafunjo ya Ziwa Victoria. Chakula chake ni wadudu wadogo na buibui.

Huzaliana Ulaya na magharibi mwa Asia, penye majani marefu karibu na mito na mitaro. Kiota chake hukifunga kwenye mabua kwa vishikio vya nyasi, kama kikapu kilichotundikwa. Jike hutaga mayai 4 au 5, na wazazi wote wawili huyaatamia kwa zamu. Baada ya siku 12 hadi 14 vifaranga huanguliwa.

Safari yake

Ndege huyu hakai sana alikozaliwa. Hufika huko mwishoni mwa Mei, na kufikia Agosti wengi wao wameshaondoka. Husafiri usiku, hupitia Mashariki ya Kati, hupumzika Sudan na Ethiopia, kisha mwezi wa Novemba na Desemba hupita Kenya kwenda Zambia, Malawi, Msumbiji na nchi za jirani. Machi na Aprili hurudi.

Huko Ngulia, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, watu wamekuwa wakiwakamata ndege wa safari kwa nyavu tangu mwaka 1969, wakiwavisha pete ndogo mguuni na kuwaachia. Usiku wa ukungu usio na mbalamwezi, taa za hoteli huwavuta ndege hao kwa wingi. Huyu mdogo wetu ni mmoja wa wanaokamatwa zaidi.

Nyimbo zake anazipata wapi?

Hapa ndipo penye ajabu. Ndege huyu huiga sauti za wengine. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire aliwasikiliza madume nchini Ubelgiji, na mwaka 1979 alitangaza aliyoyaona. Dume mmoja, kwa wastani, aliiga sauti za aina 76 za ndege. Kati ya hizo, 45 hivi zilikuwa za ndege wa Afrika! Kwa madume wote pamoja alihesabu aina 212: 113 za Afrika na 99 za Ulaya. Ndani ya wimbo mmoja zilikuwamo sauti za mbayuwayu na shomoro wa kule, pamoja na za shorewanda, yule mwenye kichwa cheusi anayeimba karibu na nyumba zetu alfajiri. Kwa kuwa mtafiti huyo aliwajua ndege wa Afrika, aliweza kutambua njia waliyopita.

Nyimbo hizi hazitoki kwa baba. Vifaranga wanapokua, baba ameshanyamaza. Basi mtoto huchukua sauti za majirani: kwanza alikozaliwa, halafu njiani, halafu kule anakopitisha miezi ya baridi ya Ulaya. Mwaka wa kwanza ukiisha, haongezi tena. Alichosikia mwaka ule ndicho atakachoimba maisha yake yote.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tusiwaonee aibu watoto wetu kwa kuchanganya lugha. Mtoto mmoja hapa huomba maji kwa Kibembe, hucheza mpira kwa Kiswahili, na huhesabu kwa Kifaransa au Kiingereza. Hiyo si kasoro. Ni alama ya njia tuliyopita.

Pili, mtoto hujifunza kile anachokisikia. Baba na mama wakinyamaza, atajaza nafasi hiyo kwa sauti za wengine. Sisi wenyewe tumewahi kunyamaza: kwa uchovu, kwa huzuni, au kwa kuogopa kwamba hadithi za nyumbani zitafungua vidonda. Tunaelewa. Lakini wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Wimbo wa kubembeleza, jina la mto wa kijijini, vitendawili vya jioni, hivi havihitaji pesa wala kibali.

Tatu, sisi si ndege. Yeye hurudi kwao kila mwaka bila kuzuiwa na mtu, na wengi wetu hatujui siku ya kurudi. Lakini pia masikio yake hufungwa baada ya mwaka mmoja, na yetu hayafungwi. Kijana wa miaka 15 bado anaweza kuketi na bibi yake na kujifunza.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni wimbo gani wa kwetu ambao watoto wetu hawaujui bado?
2. Ni nani katika ukoo au kwa majirani anayeukumbuka vizuri?
3. Ni maneno gani mazuri tuliyojifunza kwa wenyeji wetu hapa, ambayo tutapenda kwenda nayo nyumbani siku tukirudi?

Chagueni jioni moja wiki hii. Mzima redio, mketi pamoja, na mkubwa wa nyumba aanze.