Tapeti Zikikaa Kimya, Pima

Vijana wanaonunua pikipiki za vumbi hapa Arusha huniuliza swali moja kuliko mengine yote: tapeti zipimwe kila baada ya muda gani? Wanataka namba moja waishike. Mimi huwaambia kwamba kitabu cha pikipiki kinakupa siku ya kupima mara ya kwanza tu. Siku zinazofuata utazipata kwenye vipimo vyako mwenyewe, kama umeviandika.

Nina pikipiki mbili. Moja ni Suzuki DR-Z400S, ya safari ndefu za porini. Nyingine ni Yamaha YZ250F ya motokrosi, ya zamani yenye valvu tano, tatu za kuingiza hewa na mbili za eksozi. Kitabu cha Suzuki kinasema kagua tapeti kila kilomita 24,000. Ya motokrosi huwezi kuihesabia kilomita hata kidogo. Ndani ya saa moja uwanjani unaweza kuwa umekwenda kilomita chache tu, huku injini imelia karibu na ukomo wake muda wote. Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachofunga kwenye pikipiki ya aina hii ni kijisaa cha kuhesabu saa za injini, kile ambacho waya wake unazungushwa kwenye waya wa plagi. Bila hicho unabahatisha.

Mafundi wengi wazuri wa mtaani wamezoea injini zenye roka na skrubu ya kuseti tapeti. Kwenye hizo, roka na skrubu zikilika, nafasi kati yake na valvu huweza kupanuka, tapeti zinagonga, na kila mtu anasikia. Kwa hiyo wamejifunza kusubiri kelele. Kwenye YZ na ndugu zake, ambazo kamshafti inasukuma kikombe chenye shimu, kisahani kidogo cha chuma, ndani yake, mambo kwa kawaida huenda kinyume. Uso wa valvu unapigapiga kiti chake, unazama kidogo kidogo, na shina lake linapanda kuelekea kamshafti. Nafasi inapungua. Injini inazidi kuwa tulivu, na mwenye pikipiki anafurahi kwamba imetulia. Siku nafasi inapokwisha, valvu haifungi sawasawa: kompresheni inavuja, na valvu ya eksozi inakosa mahali pa kutua ili ipoe, kwa sababu joto lake hutoka zaidi kupitia kiti hicho. Hapo inaungua.

Dalili zinakuja zikiwa zimechelewa. Pikipiki iliyokuwa ikiwaka kwa kiki moja inaanza kukusumbua, mzunguko wa chini unayumba, na wakati mwingine haitaki kuwaka mpaka uisukume. Ukifika hapo hupimi tena kwa ajili ya kuzuia, unapima ili ujue gharama.

Vumbi ndilo linalofupisha muda kuliko kitu kingine chochote. Kiangazi, njia za Longido na Monduli zina vumbi laini la udongo wa volkano, linaloelea nyuma ya pikipiki kama unga, na punje zake zikipita kwenye filta ya hewa zinasaga valvu na kiti kwa pamoja. Ninaosha sponji ya filta baada ya kila safari ya vumbi, naipaka oili yake, na ukingoni napaka grisi ili hewa isipite pembeni. Halafu napitisha kidole ndani ya mpira wa kupitishia hewa, upande wa injini. Kidole kikitoka na vumbi, napima tapeti wiki hiyohiyo, hata kama kijisaa kinaonyesha muda bado.

Ratiba yangu ni hii, na ninaiamini kwa mazingira ya huku. Pikipiki yoyote ya mtumba: wiki uliyoinunua, bila kujali muuzaji amekuambia nini. Pikipiki ya mashindano iliyofungwa valvu mpya: baada ya saa chache za mwanzo, maana sehemu mpya hukaa mahali pake hapo, kisha kila saa 15. Vipimo visiposogea mara mbili mfululizo, naongeza hadi saa 20 au 25. DR-Z naipima kila kilomita 6,000 hivi. Zile 24,000 za kitabu naona zinamfaa mtu anayekaa zaidi kwenye lami.

Kazi yenyewe inataka subira kuliko nguvu. Osha pikipiki kwanza, hasa chini ya tangi, ili mchanga usidondokee ndani. Iache ipoe kabisa. Mimi huiacha ilale usiku kucha, kwa sababu vipimo vya vitabu ni vya injini baridi. Toa kiti, tangi, plagi na kifuniko cha juu. Zungusha injini kwa spana mpaka pistoni ifike juu kabisa kwenye mkupuo wa kubana hewa, alama zikae sawa, na ncha za kamshafti ziwe zimegeukia mbali na vikombe. Ziba kwa kitambaa safi tundu la plagi na njia ya mnyororo wa taimingi. Kisha ingiza fila, vile vipande vyembamba vya chuma vilivyoandikwa namba.

Kwa YZ250F hizi za valvu tano, valvu za kuingiza zinatakiwa 0.10 hadi 0.15 mm, za eksozi 0.17 hadi 0.22. DR-Z400S ni 0.10 hadi 0.20 na 0.20 hadi 0.30. Usitegemee tu hisia ya fila “kukwama kidogo”, maana kila mkono una hisia yake. Tafuta kipande kinachopita na kinachofuata ambacho hakipiti. Kipimo kiko katikati yao.

Andika kila valvu peke yake, pamoja na saa za injini. Tuseme valvu tatu za kuingiza zilisoma 0.13 zote, na safari hii mbili ziko palepale lakini ya katikati ni 0.10. Bado iko ndani ya kiwango, na fundi anaweza kukuambia funga twende. Mimi nisingefunga nikasahau. Hiyo moja imeanza kuzama peke yake, na ningeirudia baada ya nusu ya muda wa kawaida.

Ikishuka chini ya kiwango, hesabu ya shimu ni rahisi: shimu ya zamani, ongeza nafasi uliyopima, toa nafasi unayotaka. Shimu ya 1.80 yenye nafasi ya 0.07, ukitaka 0.12, inakuwa 1.75. Pima shimu ya zamani kwa maikromita kwa sababu namba yake mara nyingi imefutika. Ukishafunga, zungusha injini kwa mkono mizunguko kadhaa, upime tena kabla ya kurudisha kifuniko.

Valvu za titani za pikipiki za mashindano zina ngozi ngumu, nyembamba sana. Ikishatoboka, titani ya ndani inalika haraka. Kwa hiyo valvu ya titani ninaibadilishia shimu mara moja tu. Ikibana tena muda mfupi baadaye, sinunui shimu nyingine. Nafungua hedi, naweka valvu mpya, viti vinakatwa upya, springi zinakaguliwa, na ukurasa mpya wa daftari unaanza na saa sifuri.