Biolojia: Nyoka za Miti za Visanga Vitatu

Leo tujifunze juu ya nyoka tatu za rangi ya majani mabichi. Zote ni za jamaa ya Colubridae, zote zinapanda miti, na kila moja iko na kisanga chake tu.

Tufungue karta ya Afrika. Mbele ya Gabon, katika bahari ya Atlantiki, tunaona Príncipe, São Tomé, halafu Annobón, kilometa karibu 350 toka pwani. Visanga hivi vilizaliwa na volkano chini ya bahari, havikuungana na bara hata siku moja. Bioko ni tofauti: wakati wa baridi kubwa ya zamani maji ya bahari yalishuka, na nyama aliweza kwenda pale toka Kamerun kwa miguu.

Sasa majina. Neno la kwanza la jina la kilatini ni la ukoo, la pili ni la aina. Bocage, mwenye elimu ya nyama kule Lisbon, alipatia nyoka ya São Tomé jina Philothamnus thomensis mwaka 1882, na ile ya Annobón Philothamnus girardi mwaka 1893. Ile ya Príncipe ilikuwa na jina principis tangu 1827, lakini nyuma watu waliihesabu kuwa sawasawa na Hapsidophrys smaragdinus, ambayo iko katika misitu yetu ya Congo. Walitazama magamba na rangi, basi. Mwaka 2009 uchunguzi wa ADN ukaonyesha kwamba ile ya Príncipe ni aina yake yenyewe, na kwamba zile za São Tomé na Annobón ni ndugu wa karibu sana. Maana yake, ukoo wao ulivuka toka bara mara moja tu, kisha ukapita toka kisanga kimoja mpaka kingine. Ile ya Príncipe ilikuja kivyake.

Kuvuka namna gani? Nyoka haina mutumbwi! Lakini wale kati yetu waliozaliwa kando ya mto wanajua yale mafungu ya miti na majani yanayobebwa na maji wakati wa mvua nyingi. Wenye elimu wanawaza kwamba njia ilikuwa hiyo.

Nyoka hizi tatu haziko na sumu ya kuua mutu. Lakini tuangalie: mamba ya misitu yetu, Dendroaspis jamesoni, nayo ni ya kijani na inakaa juu ya miti. Mutu asishike nyoka kwa kusema alisoma katika gazeti letu.

Annobón nzima ni kilometa za mraba karibu 17. Chura wa asili hayuko pale, ingawa ndugu wa bara wanapenda kula vyura. Ile nyoka inapashwa kutafuta chakula kingine, kama mijusi. Musitu wa pale ukiisha, girardi haina pahali pengine duniani.

Swali kwa kilasi: kati ya Bioko na Annobón, ni wapi tutazamie nyama wanaofanana zaidi na wa bara? Sababu gani?