Plagi za Noah ya zamani: mkono utapita wapi?

Lawama ninayoisikia zaidi gereji ni ya bei. "Fundi, plagi nne tu, mbona ufundi unazidi bei ya plagi zenyewe?" Anayeuliza ana haki yake, ila jibu liko kwenye gari alilokuja nalo. Plagi nne za IST nazitoa nikiwa nimesimama wima: ukishaondoa mfuniko, koili nne zimejipanga juu ya injini, kila moja na bolti yake ya namba 10, kazi imekwisha. Plagi nne za Noah ya zamani, ile SR40, zinaweza kula asubuhi nzima bolti zikiwa zimeshika kutu. Na Tanga hii, upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini, niambie ni bolti gani isiyoshika kutu.

Kwenye SR40 ukifungua boneti hukuti injini. Injini yenyewe, 3S ya lita 2, imewekwa chini ya viti vya mbele. Aliyelichora gari hili alitaka liwe fupi na bado libebe familia nzima, na hilo alilipata. Noah hizi zilianza kutoka mwaka 1996 kwa ajili ya soko la Japani. Kule gari binafsi jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, gereji zina lifti za kulinyanyua, na likianza kuzeeka linauzwa nje. Huyo mchoraji hakuwaza kwamba gari lake lingekuja kufunguliwa chini ya mwembe Makorora, kwa jeki ya chupa na magogo mawili.

Hata hivyo simsamehe kirahisi. Gari huishi kupita mnunuzi wake wa kwanza, na anayelichora analijua hilo. Akibana nafasi ya kupitisha kiganja, gharama hailipi yeye wala yule aliyelinunua jipya dukani. Anailipa mwenye gari wa tatu na wa nne, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote waliotangulia.

Basi kama unayo Noah hii, fanya hivi. Liache gari lipoe kabisa, likilala ndiyo bora zaidi. Hedi yake ni ya aluminiamu, na plagi ikifunguliwa ya moto inaweza kutoka na nyuzi za tundu. Hapo umeingia kwenye kazi nyingine, kubwa na ya pesa nyingi. Toa waya hasi wa betri, ondoa kiti na zulia, fungua mfuniko wa injini. Ukishaiona injini, usiguse spana bado. Puliza kwanza. Vumbi jekundu la njia za Muheza likikutana na oili huganda kuizunguka plagi, na lile usilolipuliza litadondokea ndani ya silinda mara plagi itakapotoka. Pampu ya baiskeli inatosha.

Waya wa plagi uvute kwa kushika kofia yake, ukiizungusha kidogo kushoto na kulia. Toa plagi moja, funga moja, ndipo uende nyingine, ili waya zisichanganyike. Tumia soketi ya namba 16 yenye mpira ndani, na ekstensheni mbili fupi badala ya moja ndefu, maana unaingia kwa kona na sehemu kubwa ya kazi unafanya kwa kupapasa. Plagi mpya usiianzishe kwa soketi. Chukua kipande cha mpira wa mafuta, kama shibiri moja, kichomeke kwenye kichwa cha plagi na uizungushe kwa vidole. Ikishika nyuzi vibaya, mpira utateleza kabla hujaharibu kitu. Ikiingia laini mpaka mwisho, ndipo soketi ikaze, na usiikaze kwa hasira.

Kwa bolti zilizoota kutu, soketi iwe ya pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili hula kichwa cha bolti. Pulizia dawa ya kutu jioni, uigonge kidogo kwa nyundo, uiache mpaka asubuhi. Unapofungua, anza kwa kukaza kidogo sana ili kutu ivunjike, halafu rudisha, kaza tena, rudisha. Wakati wa kufunga, piga brashi ya waya na upake grisi.

Maji nayo yana mambo yake. Rejeta iko puani, injini iko katikati ya gari, na mipira mirefu ya maji inapita chini ya sakafu. Hewa ikinaswa humo, gari litachemsha hata rejeta ikiwa mpya. Injini ikiwa baridi, inua pua ya gari mpaka mdomo wa rejeta uwe juu kuliko injini, weka hita kwenye moto wa mwisho, washa mfuniko ukiwa wazi, minya mipira kwa mkono, endelea kujaza mpaka mapovu yaishe na hita itoe joto kweli. Tia kulanti. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, na chumvi hiyo huila hedi kutoka ndani.

Wala si Noah peke yake. Harrier ya V6 inakupa plagi tatu za mbele bure, kisha inakuficha tatu za nyuma ukutani kwa kabini. Tazama sasa Landcruiser mkonga ya 1HZ: filta ya dizeli iko juu, pampu yake ya mkono kichwani, na chini kuna kizibo cha kutolea maji. Waliotengeneza zote hizi ni Toyota. Wakitaka, wanaweza.

Kwa hiyo ukienda kununua, mwambie muuzaji akuonyeshe plagi, stata na filta ya oili, na utie mkono mwenyewe. Pasipofikika, mpigie fundi wako simu umuulize atakutoza ufundi kiasi gani, ujumlishe na bei ya gari. Na kama moyo umeshaipenda Noah, jaribu bolti za kiti cha mbele kwa spana ya kawaida. Zikilegea vizuri, kuna mtu alikuwa akifungua na kuitazama injini. Zikigoma, punguza bei.