BATI LA DUKA: UZIBE AU UEZUE?

Wafanyabiashara wenzangu, mvua za Dodoma huanza mwezi wa 12. Msisubiri kama mimi.

Mwaka jana niliona tone moja tu dukani kwangu hapa Nkuhungu, nikaweka ndoo. Usiku mvua ikapiga, asubuhi nakuta viroba viwili vya sukari vimelowa chapachapa. Faida ya mwezi imeondoka hivyo.

Somo nililopata ni hili: kabla ya kutoa hela, jua kwanza panapovuja.

1. Mchana funga mlango, angalia juu. Ukiona mwanga kwenye matundu ya misumari tu, hapo ni kuziba. Ng'oa iliyolegea, piga mipya minene yenye mpira. Jua letu hukakamaza ule mpira, upepo nao hulegeza msumari.

2. Kutu imesambaa, bati linatoboka ukilibonyeza? Ezua. Kuziba hapo ni kutupa hela.

3. Kagua na mbao. Ukipiga bati jipya kwenye papi zilizoliwa na mchwa, upepo utalibeba.

4. Ukinunua uliza geji. Namba ikipungua, bati linanenepa: geji 28 ni nene kuliko 30, na 32 ndiyo nyembamba zaidi.

5. Umepanga? Andikianeni na mwenye nyumba kwamba gharama itakatwa kwenye kodi. Mimi tuliongea mdomo tu, sijarudishiwa hata mia.

Kagua bati lako wiki hii, jua likiwa bado linawaka. Ndoo haiokoi mtaji.