Gari Likichemsha, Usikubali Themostati Itupwe

Peleka gari linalochemsha gereji, na mara nyingi dawa ya kwanza utakayoandikiwa ni hii: themostati itolewe, kikasha chake kifungwe kitupu. Fundi atakueleza kwamba kifaa hicho kilitengenezwa kwa ajili ya nchi za theluji, sisi huku jua linatutosha. Maneno hayo yanaingia akilini haraka, lakini si kweli. Joto la Dar es Salaam likifika nyuzi 32 ni kali kwetu sisi. Injini inataka zaidi ya 80 ndipo ifanye kazi sawasawa.

Themostati ni vali yenye nta ndani. Injini ikiwa baridi, vali imefunga na maji yanazunguka humo humo. Yakikaribia nyuzi 82, kwa magari mengi, nta inatanuka, vali inafunguka, maji yanakwenda kupoa kwenye rejeta. Ukiing'oa, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya ziada, na wewe unalalamika kuwa gari linakunywa. Tena zipo injini, zikiwemo nyingi za Toyota, ambazo themostati ina kisahani cha pili kinachoziba njia ya mkato. Bila kisahani hicho, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Gari la namna hiyo linaweza kwenda vizuri mjini, likaja kuchemsha ukipanda mlima wa Kitonga na mzigo.

Kikasha chenyewe, ambacho mafundi hukiita hausingi, ni cha alumini au plastiki. Cha alumini huliwa na kutu nyeupe, hasa kwa wanaojaza maji ya bomba au ya kisima chenye chumvi badala ya kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupoza injini. Cha plastiki hukauka kwa joto la miaka mingi kikapata ufa. Chunguza kwenye maungio: ukiona ukoko mweupe, wa kijani au wa waridi, au maji ya akiba yanapungua bila tone kuonekana chini, anzia hapo.

Kazi ya kuifungua hausingi ifanywe injini ikiwa imepoa kabisa. Mfuniko wa rejeta ukifunguliwa kukiwa na moto, maji yaliyobanwa yanaruka usoni. Mwaga kulanti ndani ya beseni, si ardhini: ina ladha tamu na ni sumu kali, na mbwa na watoto hawaijui. Fuata mpira mkubwa unaotoka kwenye rejeta hadi unapoingia kwenye injini. Katika magari mengi hausingi iko mwisho wa mpira wa juu au wa chini. Bolti zilizoshika kutu zipulizie mafuta ya kulegeza na uzisubiri, kwa sababu bolti ikikatikia ndani, kazi ndogo inageuka kubwa.

Hausingi ikishatoka, mabaki ya gasketi yakwangue kwa plastiki au kijiti. Bisibisi huchimba alumini, na kila mfereji ni mlango wa kuvuja. Kama unashuku themostati, ining'inize kwa uzi ndani ya maji yanayochemshwa kwenye sufuria ambayo hutapikia tena, ukiwa na kipimajoto. Ianze kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake. Isipofunguka, nunua nyingine yenye namba ileile.

Unaporudisha, weka gasketi mpya. Ikiwa ni pete ya mpira, silikoni haihitajiki. Silikoni inayofinywa ndani hukatika na kwenda kuziba rejeta. Kitundu cha themostati chenye kipini kinachochezacheza kikae juu ili hewa ipite, isipokuwa kama kitabu cha gari kinasema vingine. Kaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo, kwa spana fupi: nyuzi za alumini hazivumilii ubabe.

Jaza kulanti, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi kama si ile iliyokwisha changanywa kiwandani. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, hita ikiwa kwenye moto, uongeze maji hadi mapovu yakome na mipira yote miwili ya rejeta ipate joto. Kesho yake asubuhi pima tena. Mapovu yasipokoma, au oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, hausingi haina kosa: gasketi ya silinda hedi ndiyo ya kushukiwa, na gari lisiendeshwe mpaka ikaguliwe.