Kugundua Haidrojeni Ukambani: Mafunzo Niliyopata

Kitui na Makueni jua ni la kumwaga, na sola zimejaa madukani, zahanati na shuleni. Wengi bado huhifadhi umeme huo kwa betri za maji. Chaji ikizidi, betri huchemka na kutoa haidrojeni. Mimi hutengeneza vihisi vya kuigundua gesi hiyo, na kazi imenifunza haya:

1. Usiitegemee pua. Mwenye duka mmoja wa Mutomo aliniambia, "Fundi, mbona hapa hakunuki kitu?" Haidrojeni haina rangi wala harufu. Ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche ya swichi yatosha kuilipua. Betri ikinuka yai viza, hiyo ni gesi ya salfa, dalili kwamba chaji imepita kiasi.

2. Piga hesabu kwanza. Betri ya volti 12 iliyokwisha kujaa hutoa takriban lita 2.5 za haidrojeni kwa kila ampea-saa ya ziada. Ndani ya kabati lililofungwa la mita moja ya ujazo, lita 40 ndiyo hatari yenyewe. Ndiyo maana king'ora changu hulia mapema, kwenye asilimia 0.4.

3. Kihisi hukaa juu. Gesi hii ni nyepesi kuliko hewa mara 14, hivyo hukimbilia darini. Wateja hutaka kifaa usawa wa macho ili waione taa. Siku hizi kihisi nakifunga chini ya dari, kisha navuta waya hadi kwenye taa na king'ora nje ya mlango. Rilei inayowasha king'ora pia huikalisha nje, kwa kuwa hutoa cheche.

4. Joto, vumbi na gundi ni maadui. Ndani ya kihisi mna oksidi ya bati inayopashwa moto; ikikutana na haidrojeni, ukinzani wake hushuka. Lakini joto la mabati na unyevu wa masika pia huubadilisha, kwa hiyo mimi huongeza kipimajoto ili programu isahihishe. Wavu mwembamba huzuia vumbi. Boksi silizibi kwa silikoni, maana mvuke wake hukiua kihisi.

5. Kibiriti cha gesi si kipimo. Kinachotoka humo ni buteni, na kihisi hiki huamshwa hata na spiriti. Pima kwa mtungi wa haidrojeni yenye kiwango kinachojulikana, kisha urudie kila mwaka, kwani kihisi huchakaa.

6. Tundu kabla ya king'ora. Kihisi hakiondoi gesi. Mwenye pesa kidogo mimi humshauri atoboe matundu mawili, moja chini na moja juu kabisa, na arekebishiwe kontrola ya sola ili chaji isizidi. Kihisi kifuate baadaye. Ukiwa na betri za maji chumbani unamolala, zitoe leo.