Ninavyowasaidia Wanafunzi wa Biashara Kuandika Tasnifu Bila Kuwaandikia

Ukishuka Tengeru ukauliza msaada wa tasnifu unapatikana wapi, utaonyeshwa steshenari. Mlangoni pamebandikwa orodha ya huduma: kuchapa, kutoa kopi, kufunga vitabu, na chini kabisa, kwa wino mzito, kuandika risachi. Sina ugomvi na wenye mashine, hata mimi huwapelekea kazi. Ila huo mstari wa mwisho ndio unaoniletea wageni hapa Kikwe. Wengi wameshalipa na kitabu wameshapewa, lakini supavaiza kawauliza swali moja tu la sura ya tatu wakabaki wanatazamana naye.

Kata yetu imezungukwa na vyuo. Taasisi ya Nelson Mandela iko hapa hapa, na ina skuli yake ya masomo ya biashara. Usa River kuna Makumira na Chuo Kikuu cha Arusha, na kule Njiro kuna Chuo cha Uhasibu. Kwa hiyo msimu wa tasnifu ukifika, kibarazani kwangu hakukosi mtu. Nitaeleza ninavyofanya kazi hii ili mwenye kaka au dada chuoni aweze kumsaidia mwenyewe, na mwanafunzi ajue adai nini kwa anayemlipa.

Jambo la kwanza, weka kompyuta kwenye begi. Toa simu, washa kinasa sauti, kisha nieleze utafiti wako kwa Kiswahili, kama unavyomweleza mama yako nyumbani. Chukua mada ambayo hainipiti mwaka hata mmoja: mchango wa mikopo midogo katika ukuaji wa biashara za wanawake sokoni Tengeru. Kwenye maandishi, sura ya kwanza inaanzia duniani, inateremka Asia, inapita kusini mwa Jangwa la Sahara, na ikifika Tanzania imebaki aya moja tu, tena imechoka. Lakini mwache mwanafunzi huyo huyo azungumze. Atakwambia kuhusu mama wa nyanya aliyechukua mkopo wa kausha damu ili arejeshe wa kikoba, halafu akatumia mtaji wa soko la Jumamosi kulipa kausha damu. Hapo nasimamisha kinasa sauti. Hilo ndilo tamko la tatizo, na halimo popote kwenye kurasa zake.

Nikimuuliza kwa nini hakuliandika, jibu huwa moja: alidhani si la kitaaluma. Wanafunzi wetu wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari wakaingizwa kwenye Kiingereza, na wanapofika chuo wamekwisha kuzoea kuandika sentensi wanazoweza badala ya mambo wanayoyajua. Ndiyo maana kusahihisha sarufi peke yake hakumsaidii mtu. Sarufi naigusa mwisho, na kwa haraka. Kwanza asikilize sauti yake, aandike hoja tano au sita kwa Kiswahili, ndipo achukue moja moja na kuivusha kwenda Kiingereza kwa sentensi fupi.

Simulizi nayo inahitaji ushahidi. Anayeandika juu ya mikopo ya wanawake hapa Meru hawezi kuiruka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Takwimu zako zikiwa za kipindi hicho na hujalisema hilo, jedwali lako litaonyesha anguko ambalo wewe utalihusisha na elimu ya wakopaji, kumbe dirisha lilikuwa limefungwa.

Sasa tufike kwenye sampuli, ambako ndiko wengi huzama. Kila tasnifu ya biashara niliyoshika ina fomula ya Yamane ya mwaka 1967: idadi ya walengwa, gawanya kwa moja kujumlisha idadi hiyo mara kiwango cha makosa kipeo cha pili. Ukiwa na wafanyabiashara 400 na makosa ya asilimia 5, unapata 200. Wakiwa 1,000, unapata 286. Hesabu hiyo hata mtoto wa sekondari anaiweza. Swali ninalouliza ni hizo 400 umezitoa wapi. Fomula inadhani kwamba walengwa wanajulikana na kwamba kila mmoja alikuwa na nafasi ya kuchaguliwa bila upendeleo. Kama uliwahoji akina mama waliokuwa hawana wateja saa hiyo, hiyo ni sampuli ya waliopatikana. Iandike hivyo. Hakuna aibu, ila usimtaje Yamane kama pambo.

Ukitaka orodha halisi, ifuate. Barua ya chuo inakwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri pale Usa River, inashuka kwa mtendaji wa kata, kisha ofisi ya soko. Inachukua siku, na wanaokimbilia kuandikiwa mara nyingi wanakimbia safari hiyo kuliko uandishi wenyewe. Ukifika ofisini amkia wazee, kaa, eleza shida yako. Mtu anayekusanya ushuru wa soko kila siku anajua vizimba vingi kuliko ripoti yoyote utakayoipakua.

Dodoso lina matatizo yake. Limeandikwa kwa Kiingereza na kuulizwa kwa Kiswahili, tena kwa tafsiri ya papo hapo inayobadilika kutoka kwa mama mmoja hadi mwingine. Litafsiri kabla ya kutoka nyumbani, halafu mpe mwenzako ambaye hajaona la awali alirudishe Kiingereza, ulinganishe. Ukipata alfa ya Cronbach ya 0.7 usishangilie. Alfa inasema maswali yako yanakwenda pamoja. Haisemi kama yanapima ulichokusudia.

Sura ya nne ndiyo ninayoisoma nikiwa na kalamu nyekundu. Chini ya kila jedwali kuna aya inayorudia jedwali: asilimia 46 walikubali, asilimia 31 walikubali sana, na kadhalika mpaka msomaji asinzie. Mimi nafunika jedwali kwa daftari na kuuliza: mwenye taasisi ya mikopo akija sasa hivi, utamwambia kuna nini hapa? Sentensi inayomtoka mwanafunzi hapo ndiyo ya kuanzia aya. Namba mbili au tatu zinafuata kuishikilia, zilizobaki ziachwe kwenye jedwali.

Kuhusu marejeo sina mengi. Programu ya Zotero ni ya bure, jifunze jioni moja. Miongozo ya mtindo wa APA ipo kwenye tovuti ya maabara ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Purdue, nayo ni bure, ingawa mwongozo wa chuo chako ndio wenye neno la mwisho. Ukitumia akili mnemba, fungua kila rejeo ililokupa. Programu hizi hutunga makala zisizokuwapo na kuzipa waandishi wenye majina ya heshima. Na asilimia ya Turnitin ni kipimo cha mfanano wa maandishi tu. Nimeona kazi safi yenye asilimia kubwa kwa sababu ya orodha ya marejeo, na nimeona iliyoibwa yote ikapita kwa kubadilishwa maneno.

Kuna wanaonisihi niandike nao walipe mara tatu. Sishangai. Majirani zetu Kenya wana vijana wengi wenye digrii wanaoishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa Ulaya na Marekani, na Uingereza ilifika mahali pa kutunga sheria mwaka 2022 ya kuwafanya wauzaji wa huduma hiyo kuwa wahalifu kule England. Vijana wale ni hodari, nawaheshimu kwa kalamu zao. Lakini mteja wao anabaki hajui kusoma taarifa ya mapato na matumizi, na kesho atakaa ofisini kuidhinisha mkopo wa mtu.

Kikao cha mwisho ni mazoezi ya utetezi. Nakaa upande wa meza kama mtahini mkorofi: kwa nini soko la Tengeru na si la Kilombero? Kwa nini hukuwahoji wakopeshaji? Nani alikukatalia, na ulifanya nini? Ukiulizwa jambo ambalo hukulipima, sema hukulipima, kisha wafungulie ukurasa wa mipaka ya utafiti ambao tumeuandaa siku hiyo hiyo.